Je, Wajua? Managu, Muthiga na Bustani za Kimbo

Je, wajua kwamba mwanasayansi aliyezipa mboga za kienyeji heshima ya zao alizithamini kwanza kwa sababu mwili wake ulikataa vyakula vingine? Mary Abukutsa-Onyango alizaliwa mwaka 1959 magharibi mwa Kenya. Utotoni, maziwa, mayai, samaki na nyama vilimdhuru, na daktari akashauri aviepuke. Basi mama yake na akina nyanya wakamlea kwa majani, akakua. Alipoingia Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea kilimo, alikuta kabichi na sukuma wiki zikifundishwa kama mazao, huku mboga zilizomkuza zikihesabiwa miongoni mwa magugu. Mwanafunzi mwingine angenakili somo na kusonga mbele. Yeye alilifanya jambo hilo kazi ya maisha. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, akiwa Chuo Kikuu cha Maseno, alikusanya mbegu, akapima lishe na akaandika jinsi wakulima wanavyozipanda mboga hizo na wapishi wanavyozipika. Baadaye alihamia Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, pale Juja, akapanda ngazi hadi uongozi wa idara nzima ya utafiti.

Kutoka Kimbo, hapa Ruiru, hadi lango la chuo hicho ni safari fupi ya matatu. Wanafunzi wa kwanza walipokelewa mwaka 1981, katika ardhi iliyotolewa na Jomo Kenyatta mwenyewe, kwa msaada wa serikali ya Japani. Ni jambo la kujivunia kwamba utafiti wa terere (mchicha) na managu (mnavu) ulipata makao papa hapa, kando ya Barabara ya Thika, ambako mama mboga anazifunga mafungu kila jioni.

Kenya ina takriban aina 200 za mimea ambayo majani yake huliwa kama mboga. Hesabu ulizoziona sokoni Kimbo wiki hii. Ukifika kumi, umebahatika.

Mgagani, ambao wengi hapa wanaujua kwa jina la Kikalenjin, saget, una siri mbili. Ya kwanza iko kwenye jani. Mmea huu hunasa hewa ya kaboni kwa njia ile ile inayotumiwa na mahindi na miwa, njia inayouwezesha kukua upesi kwenye jua kali bila kupoteza maji mengi. Terere nayo imo katika kundi hilo, kabichi haimo. Ndiyo maana mwezi wa pili, wakati sukuma wiki imesinyaa, terere iliyojiotea kando ya ua bado imesimama. Siri ya pili iko kwenye mbegu. Mbegu ya saget iliyovunwa leo haitaki kuota kesho. Huhitaji kulala miezi kadhaa mahali pakavu kwanza. Wakulima wengi wamemlaumu muuza mbegu au udongo wao, kumbe mbegu ilikuwa mbichi tu.

Mama aliyejifungua kule Kisii hupewa chinsaga, ambayo ni saget hiyo hiyo. Wakalenjin huichanganya na maziwa ili kupunguza uchungu.

Je, wajua kwamba vitabu vingi vya Ulaya viliuita mnavu mmea wa sumu, wakati nusu ya Afrika inaula kwa ugali? Wote wana hoja. Managu ni ndugu wa viazi, nyanya na biringanya, na jamaa hiyo yote hubeba kemikali chungu za kujikinga na wadudu. Matunda mabichi ya kijani ya managu hayafai kuliwa. Majani ya aina zinazolimwa, yakichemshwa vizuri, yamelisha vizazi. Profesa James Chweya wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliliandikia suala hili kitabu kizima pamoja na Jennifer Edmonds mwaka 1997, wakichambua aina baada ya aina, kwa sababu managu si mmea mmoja bali ni kundi. Kuna pia mtongu, jamaa mwenye miiba na matunda ya manjano yanayong'aa, unaoota hadi kwenye viwanja vya ujenzi. Huo usiuguse kwa sufuria. Watoto wafundishwe tofauti hiyo mapema, wangali wanatumwa kuchuma.

Thabai inastahili aya yake. Vinywele vyake huvunjika kama sindano na kumwaga kemikali ya kuwasha chini ya ngozi. Maji ya moto huvimaliza vyote kwa dakika chache, na mboga inayobaki ni mojawapo ya zile zinazoupa mukimo wa jadi rangi ya kijani iliyokolea. Ivunwe kwa glavu au kwa mfuko wa plastiki mkononi, yakichaguliwa majani machanga ya juu.

Jikoni pana kemia ambayo akina nyanya waliifahamu kabla ya maabara. Waluhya huchoma maganda makavu ya maharagwe, wakachuja maji kupitia jivu lake, na maji hayo, munyu, hulainisha mrenda na kunde kwa haraka. Magadi hufanya kazi hiyo hiyo. Ila mkono ukizidi, vitamini C huharibika, na hiyo ndiyo inayousaidia mwili kufyonza madini ya chuma kutoka kwenye majani. Kamua ndimu au katia nyanya mezani. Na chai ya rangi au ya maziwa, ambayo sisi huku Kiambu huinywa karibu kila saa, isubiri: majani ya chai yana kemikali zinazozuia chuma kisifyonzwe. Mpe mama mjamzito mboga zake, kisha chai ije baada ya saa moja hivi.

Mafuta nayo yana kazi. Rangi ya manjano iliyojificha ndani ya majani ya kijani hugeuka kuwa vitamini A mwilini, lakini hufyonzwa vizuri ikiwa pana mafuta kidogo. Kijiko kimoja kinatosha. Kuzamisha terere kwenye mafuta ni kuionea.

Kimbo ya leo haina mashamba makubwa. Ruiru ilikuwa nchi ya kahawa, na kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko hapa ndicho kilichotoa mwaka 1985 aina inayoitwa Ruiru 11, inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Mashamba mengi yamekatwa viwanja vya futi 50 kwa 100. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu karibu 240,000 mjini Ruiru. Ile ya 2019 ikahesabu zaidi ya 490,000. Bustani imehamia kwenye gunia: changanya udongo na samadi, simamisha nguzo ya kokoto katikati ili maji yashuke hadi chini, toboa mashimo ubavuni, panda miche ya terere na managu. Gunia likae mbali na barabara kuu. Mboga za majani hunyonya risasi na metali nyingine nzito kutoka kwenye udongo na vumbi, na kuosha hakuondoi kilichokwisha kuingia ndani ya jani. Hofu hiyo hiyo ninayo kwa mboga zinazonyweshewa maji taka, hata ziwe za kijani kiasi gani.

Tukija kwenye dawa, mti ninaotamani kila shule ya Kiambu iupande ni muthiga. Gome lake huwasha mdomo kwa ukali wa pilipili, na wazee hulitafuna kwa kikohozi, jino na tumbo. Maabara zimethibitisha kwamba lina kemikali zinazoua kuvu na bakteria, na majani pia yanazo. Pengine hutiwa mchuzini kama kiungo. Lakini anayebandua gome kuuzunguka mti wote ameuua, maana chakula kinachotengenezwa na majani hupita humo kwenda mizizini. Chuma majani, uache mti.

Mti mwingine, muiri, ulikaribia kumalizwa hivyo hivyo. Gome lake lilianza kusafirishwa Ulaya baada ya dawa ya tezi dume kutengenezwa nalo huko Ufaransa katika miaka ya 1960, na mwaka 1995 biashara yake ikawekwa chini ya udhibiti wa kimataifa.

Muratina, tunda kubwa refu linaloning'inia kwa kamba, ni sumu likiwa bichi. Likichemshwa na kukaushwa huchachua pombe ya asali inayobeba jina lake.

Elimu hii ya mimea ina watunzaji wake. Francis Gachathi wa taasisi ya utafiti wa misitu, Muguga, alikusanya majina ya mimea ya Kikikuyu pamoja na matumizi yake katika kamusi iliyotoka mwaka 1989. Mganda Christine Kabuye alisimamia hazina ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki, jijini Nairobi, tangu 1971 hadi 1995. Hazina hiyo ilianzia Amani, Tanganyika, ikahamishwa mwaka 1950. Mwaka 1999 Kabuye alishirikiana na Patrick Maundu na Grace Ngugi kutoa kitabu cha mimea ya vyakula vya jadi vya Kenya. Juhudi za Kenya za kuokoa vyakula vya jadi ziliingia kwenye orodha ya UNESCO ya mifano bora mwezi Desemba 2021.

Na ukitaka mbegu zako mwenyewe za managu, acha mashina mawili matatu yaliyo na afya yasichumwe. Matunda yakiiva kabisa, yaponde ndani ya maji, yaache siku moja au mbili, mwaga vinavyoelea. Mbegu nzuri zitazama. Zioshe, zianike kivulini, zifunge kwenye karatasi na uandike tarehe. Kitalu kiandaliwe mwezi wa pili, ili miche iwe tayari mvua ndefu ya Machi ikianza kunyesha.