Mbaazi Mbichi: Usizingoje Zote Zikauke



Ukifika Changamwe asubuhi na mapema utaona jambo ambalo halijabadilika kwa miaka mingi. Watu wanaokwenda kazini bandarini, kwenye reli na kwenye malori husimama kwanza kwa mama mwenye sufuria, wakanunua mahamri na mbaazi za nazi. Mji huu wapenda mbaazi. Lakini mbaazi hizo ni kavu. Zimerowekwa usiku kucha, kisha zimekaa motoni muda mrefu. Mama yule aliamka watu wangali wamelala, na makaa yake ameyanunua kwa fedha.

Iko njia nyingine ya kula mbaazi, nayo ni rahisi kuliko hiyo. Ni kuzichuma zingali mbichi, kuzichemsha pamoja na maganda yake kwa maji ya chumvi, na kuzimenya kwa mkono na kuzila kama njugu za kuchemsha. Katika muda wa kama nusu saa watoto wako wamekwisha kula.

Watu wa Japani hufanya hivyo kwa soya. Huichuma ingali kijani, huichemsha ndani ya maganda, huinyunyizia chumvi, na huiita edamame. Siku hizi edamame huuzwa madukani Ulaya na Marekani kama kitafunio cha afya. Wewe huna haja ya kungoja edamame iletwe kwa meli Kilindini. Mbaazi zimesimama shambani mwako baada ya mahindi kuvunwa.

Kwa nini usizingoje zote zikauke?

Sababu ya kwanza ni fedha. Wakulima wengi wa Afrika Mashariki hungoja mbaazi zote zikauke, wazitie guniani, na kumtazamia mnunuzi wa mbali. Mnunuzi mkubwa ni India. Mwezi wa Agosti 2017 Serikali ya India iliweka mpaka wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zitokazo nje. Mara bei ikaanguka Tanzania, Msumbiji na Malawi, na watu wakabaki na magunia yao. Mlango ulifunguliwa tena mwaka 2021, lakini fundisho lilibaki: mkulima mwenye mnunuzi mmoja tu hana amri juu ya jasho lake.

Sababu ya pili ni afya. Mbaazi ni chakula cha kujenga mwili. Punje mbichi za gramu 100 zina protini kiasi cha gramu 7. Tena zina vitamini C, ambayo haipatikani katika mbaazi kavu. Vitamini hiyo husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika chakula, na madini hayo ndiyo yaongezayo damu. Ukikamulia ndimu juu yake, faida yazidi. Lakini usinywe chai papo hapo, maana chai huzuia madini hayo. Ngoja kidogo, kisha unywe.

Sababu ya tatu ni kuni. Chakula kinachoiva upesi humpunguzia mama safari ya msituni.

Namna ya kuzipika

1. Chuma maganda yaliyojaa, ambayo punje zake zaonekana zimevimba, na rangi yake ingali kijani. Ganda likianza kugeuka manjano na kukakamaa, liache likauke.

2. Chuma asubuhi na upike siku ile ile. Mbaazi zikilala, utamu wake hupungua.

3. Tupa maganda yenye matundu, kwa kuwa funza wamekwisha kuingia. Yaliyobaki yaoshe kwa maji safi.

4. Chemsha maji ya kutosha kufunika maganda, utie chumvi kijiko kimoja cha chai kwa kila lita. Maji yakitokota, tia mbaazi.

5. Ziache dakika 20 hadi 30, kwa kadiri ya ukomavu wake. Toa moja uibonyeze kwa vidole, ikilainika, epua. Usizichemshe kupita kiasi, kwa sababu vitamini C hupotea majini.

6. Mwaga maji, nyunyiza ndimu na pilipili ya unga kidogo kwa wanaoipenda, kama watu wa Mombasa wafanyavyo kwa muhogo. Ganda haliliwi, huliwa punje.

Mtoto mdogo asiyeweza kutafuna vizuri mponde punje kwanza, asije akapaliwa.

Kama wewe umepanda soya, waweza kuipika kwa njia hii hii. Lakini shika neno hili: soya hailiwi bila kupikwa, hata ikiwa changa, kwa sababu ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini. Moto ndio uondoao kitu hicho.

Jihadhari na dawa

Hapa pana jambo kubwa. Wakulima wengi hupulizia dawa mbaazi zinapotoa maua na maganda, ili kuua funza. Ukingoja mbaazi zikauke, siku nyingi hupita kabla ya kuvuna. Ukichuma mbichi, siku hizo ni chache, na dawa yaweza kuwa ingali juu ya ganda. Basi soma kibandiko cha chupa, utazame siku za kungoja, na usichume hata ganda moja kabla hazijatimia. Kama huelewi maandishi hayo, muulize Bwana Shamba. Afadhali kuacha mstari mmoja bila dawa kwa ajili ya jikoni kuliko kuwalisha watoto sumu.

Je, zaweza kuuzwa?

Naam, lakini kwa hesabu. Mbaazi mbichi hazingoji. Ukiwa Mtwapa, Roka au Shimba Hills, usipakie gunia zima kabla ya kujua nani atalipokea. Anza na debe moja. Zungumza mapema na mama mmoja anayeuza vyakula vya kuchemsha Changamwe au sokoni karibu nawe. Mkubaliane siku, kipimo na bei. Kisha andika katika daftari: debe lile limeleta shilingi ngapi, na nauli imekula ngapi. Mistari mingine kama hiyo iache ikauke, upime pia. Daftari lako litakuambia kweli kuliko maneno ya mchuuzi.

Wala hatusemi uchume zote. Gawa shamba lako mafungu matatu: fungu la kula na kuuza mbichi, fungu la kukausha kwa akiba, na fungu la mbegu. Miti iliyo bora, yenye maganda mengi na isiyo na ugonjwa, ifunge kitambaa mapema, na mtu yeyote asiiguse, kwa maana hiyo ndiyo mbegu ya mwaka ujao.

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Ni kweli kwa maembe. Lakini kwa mbaazi, yule aliyechuma baadhi yake mapema ndiye ambaye watoto wake wamekula leo, na gunia lake bado liko. Kesho asubuhi pita shambani, ubonyeze maganda, na jioni uweke sufuria motoni.