Barua ya Kufukuzwa Haisemi Sababu ya Kweli

Mtu akifukuzwa kazi, mara nyingi anakuja kwa mchungaji wake na barua mkononi. Barua inasema alichelewa mara tatu, au alikosa heshima, au kazi imepungua. Ukimwuliza polepole, unasikia kwamba majuma mawili kabla ya barua aliuliza kwa nini saa za usiku hazilipwi, au alikataa kupanda juu ya mbao zilizooza kwenye jengo la ghorofa. Barua haitaji jambo hilo hata kidogo. Mkubwa wa kazi anayelipiza kisasi hataandika kwamba analipiza kisasi. Anatafuta jina lingine.

Jambo hili si geni kwa msomaji wa Biblia. Tusome tena sura ya 5 ya kitabu cha Kutoka, si kama hadithi ya Musa tu bali kama habari ya mahali pa kazi. Ombi linaletwa mbele ya Farao. Yeye analikataa ombi hilo na kuwaita watu wavivu. Siku ileile anaondoa majani ya kufyatulia matofali, lakini hesabu ya matofali inabaki ilivyokuwa. Hesabu isipotimia, wanaopigwa ni wasimamizi wa Kiisraeli, ndugu zao wafanyakazi. Na mwisho wa sura wasimamizi hao hawamlaumu Farao. Wanawageukia Musa na Haruni na kuwaambia kwamba wao ndio waliowaletea taabu. Mbinu yote iko hapo: anayelalamika anapewa jina baya, kazi inafanywa kuwa ngumu, na wenzake wanafundishwa kumchukia.

Siku hizi mambo yanaenda hivyohivyo. Mlinzi aliyedai malipo yake anahamishiwa kituo cha mbali ambako nauli inakula mshahara. Muuguzi aliyesema glavu hazitoshi anapangiwa zamu za usiku mfululizo mpaka achoke. Mwingine mkataba wake wa muda haufanywi upya. Tena kuna njia ya upole, na mimi naiona ndiyo mbaya kuliko zote: mfanyakazi anaitwa ofisini na kushauriwa aandike mwenyewe barua ya kuacha kazi, "ili kulinda jina lake". Akiisha kuiandika, kwenye karatasi hakuna aliyefukuzwa. Wakati mwingine hata mchungaji anaombwa amshawishi mtu huyo aandike. Mchungaji asikubali kazi hiyo.

Hasara haiishii kwa mtu mmoja. Watu ishirini wanaobaki wanaona yaliyompata mwenzao, wanafunga midomo. Ubao uliooza unabaki palepale. Glavu zinaendelea kupungua, na mgonjwa anayelazwa kesho hajui kwamba kuna mtu aliyejaribu kusema.

Sheria ya nchi yetu inasemaje? Kanuni ya Kazi, ambayo ni sheria namba 015-2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inamtaka mwajiri awe na sababu halali ya kumwondoa mfanyakazi, na aiandike katika barua. Kifungu cha 62 kinataja mambo ambayo hayawezi kuwa sababu halali. Mojawapo ni hili hasa: kumshtaki mwajiri kwa kuvunja sheria, au kupeleka malalamiko kwa wakubwa wa serikali wanaohusika. Kuwa katika sendika pia si sababu. Mahakama ikiona kwamba mtu aliondolewa bila sababu halali, kifungu cha 63 kinampa haki ya kurudishwa kazini. Asiporudishwa analipwa fidia, ambayo mahakama inaikadiria, lakini haiwezi kupita mishahara ya miezi 36.

Waajiri wengi wanajua hayo, ndiyo maana wanachimbua makosa ya zamani. Mtu alikosa mwezi wa tatu, akanyamaziwa. Mwezi wa tisa analalamika juu ya mshahara, mara kosa la mwezi wa tatu linafufuka na kuitwa faute lourde, yaani kosa zito linalomfukuza mtu bila taarifa ya mbele. Hapa sheria imeweka kizuizi ambacho wengi hawakifahamu: mwajiri anayetaka kumfukuza mtu kwa kosa zito anapaswa kumjulisha kwa maandishi ndani ya siku 15 za kazi tangu alipolijua kosa hilo. Kwa hiyo tarehe zina maana kubwa. Weka pamoja tarehe ya kosa, tarehe ya malalamiko na tarehe ya barua, na sababu ya kweli inaanza kuonekana.

Vibarua hudhani hawana haki yoyote kwa kuwa wanachukuliwa siku kwa siku. Sivyo. Aliyekwisha kufanya siku 22 katika muda wa miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, sheria inamhesabu kuwa na mkataba usio na kikomo. Na asiye na mkataba ulioandikwa anaweza kuonyesha kwa njia nyingine kwamba alikuwa kazini: mashahidi, daftari la mahudhurio, ujumbe wa simu. (Wanaolipwa na serikali kama watumishi wake wana sheria yao nyingine, haya hayawahusu moja kwa moja.)

Sasa tuseme neno juu ya nyumba yetu wenyewe. Makanisa yetu yana hospitali, shule, nyumba za wageni na miradi. Sisi pia ni waajiri, na kwetu kisasi kinavaa nguo za kiroho. Aliyeuliza juu ya mishahara ya miezi minne anaitwa mwasi, au mtu asiye na moyo wa utumishi. Akitaja ofisi ya serikali, anafunguliwa 1 Wakorintho sura ya 6, kwamba ndugu hawashtakiani. Lakini katika maneno yaleyale Paulo anawakemea wanaowadhulumu ndugu zao, na sehemu hiyo huwa haisomwi. Kamati ya hospitali inayotaka mambo yaishe ndani ya kanisa ina njia rahisi: imsikilize muuguzi kabla daktari mkuu hajaandika barua, na ikatae kutia saini kuondolewa kwa mtu ambaye malalamiko yake hayajajibiwa.

Kwa mfanyakazi mwenyewe, shauri la kwanza ni kuandika mapema, kabla hajaandikiwa. Malalamiko ya mdomo hayaachi alama. Andika barua fupi, bila matusi, yenye tarehe, na ubaki na nakala iliyotiwa saini au mhuri na aliyeipokea. Kama ni jambo la watu wengi, watie saini wengi. Ni vigumu kuwaita watu kumi na watano wavivu kwa siku moja. Kama kuna mjumbe wa sendika, mpitie yeye, maana mwajiri hawezi kumwondoa mjumbe bila kibali cha enspekta wa kazi. Enspekta naye, kwa mkataba wa kimataifa namba 81 ambao Kongo iliukubali mwaka 1968, anapaswa kuficha jina la aliyemletea malalamiko. Usitie saini karatasi yoyote ya mwisho wa kazi kabla ya kuisoma nyumbani.

Kesi ya mfanyakazi mmoja haianzii mahakamani. Inapita kwanza kwa enspekta, anayejaribu kuwapatanisha. Wakishindwa kupatana, ndipo mahakama inapokea shauri. Najua kwamba kwa ndugu wengi wa Goma na Bukavu, tangu vita vya mwanzo wa 2025, ofisi hizi hazifanyi kazi kama zamani. Hata hivyo karatasi zitunzwe, pamoja na picha zake katika simu ya mtu mwingine, kwa kuwa nyumba zinakimbiwa na mizigo inapotea. Na mahali ambapo ofisi ziko wazi, mtu asikawie: madai ya mshahara usiolipwa yanakufa baada ya mwaka mmoja tangu siku ulipotakiwa kulipwa.