Intaneti ya kijiji: kwa nini njia fupi si lazima iwe bora

Vijiji vingi viko mbali na mnara wa simu, na bando nalo ni ghali. Ndiyo maana baadhi ya jamii zimejijengea mtandao wao wenyewe usiotumia waya. Huko Mankosi, katika jimbo la Eastern Cape nchini Afrika Kusini, kazi hiyo ilianza mwaka 2012, wanakijiji wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Western Cape. Mwaka 2014 walisajili ushirika wao, Zenzeleni, jina la Kixhosa lenye maana ya "jifanyieni wenyewe". Vifaa vya kurushia mawimbi vilifungwa kwenye nyumba za watu na kuendeshwa kwa umeme wa jua.

Mtandao wa aina hii hufanana na wavu wa mvuvi. Kila nyumba yenye kifaa ni fundo, na kila fundo limeungana na mafundo ya jirani. Ujumbe wako hupokezanwa nyumba kwa nyumba mpaka ufike kwenye kifaa kilichounganishwa na intaneti. Kifaa kimoja kikizimika, ujumbe hupitia kwa jirani mwingine.

Lakini njia zikiwa nyingi, kifaa kichague ipi? Kikikosea, ujumbe wa kwenda zahanati utachelewa au utapotea, na watu wakichoka wataacha kuutumia mtandao walioujenga kwa jasho lao.

Ufupi unavyodanganya

Mitandao mingi ya mwanzo ilihesabu vituo tu: njia yenye vituo vichache ndiyo iliyoshinda. Tatizo ni kwamba vituo vikiwa vichache, kila kimoja huwa mbali na mwenzake, na mawimbi yakienda mbali hudhoofika. Kifaa cha Wi-Fi kikituma pakiti ya data husubiri jibu kwamba imefika. Jibu lisipokuja, hutuma tena, na kila kurudia hula muda wa wote.

Mwaka 2003, watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani walipendekeza kipimo kingine: tuhesabu ni mara ngapi pakiti itabidi itumwe mpaka ifike na jibu lirudi.

Tuchukue mfano. Njia ya kwanza ni ya moja kwa moja, lakini dhaifu. Kati ya pakiti 100, zinafika 50. Majibu nayo hupotea nusu, kwa hiyo yanarudi 25 tu. Maana yake, kwa wastani kila pakiti itatumwa mara 4. Njia ya pili inapitia kwa jirani mmoja, na kila kipande kinafikisha 90 kati ya 100, kwenda na kurudi. Hapo majibu 81 yanarudi, na kila kipande kinahitaji kutuma mara 1.2 hivi. Vipande viwili ni kama mara 2.5. Njia ya kuzunguka imeshinda. Wahenga walishasema: kawia ufike.

Kifaa kinajuaje?

Wanachama wa Freifunk mjini Berlin, Ujerumani, walitengeneza programu iitwayo B.A.T.M.A.N., ambayo ilitumika pia kwenye vifaa vya Mankosi. Kila kifaa hutuma salamu fupi mara kwa mara, kama kusema "nipo", na majirani huzipokea na kuzisambaza. Kifaa huhesabu salamu ngapi zimefika kupitia kila jirani. Hakihitaji ramani ya kijiji kizima. Kinahitaji kujua tu jirani yupi wa kumkabidhi ujumbe.

Hesabu hiyo haimalizi kila kitu. Salamu ni fupi, kwa hiyo zinaweza kufika vizuri kwenye njia ambayo ni ya polepole kwa picha na video. Tena, vifaa vikitumia chaneli moja hupeana zamu hewani, hivyo kila kituo kinachoongezeka hupunguza kasi. Kwa sababu hiyo programu za baadaye zimeanza kupima kasi pia.

Mambo ya kuzingatia

Kama kijiji chenu kinafikiria mtandao kama huu, hakuna programu itakayookoa kifaa kilichofungwa mahali pabaya. Kifungeni juu, antena zionane bila mti katikati. Pimeni wakati majani yamelowa, kwa sababu majani yenye maji huzuia mawimbi zaidi. Pimeni pia pande zote mbili: kifaa chenye nguvu kinaweza kusikika mbali, lakini kisisikie jibu la mwenzake aliye dhaifu. Palipo na kipande kibovu, mara nyingi kifaa kimoja zaidi katikati husaidia kuliko antena kubwa mwishoni. Na chagueni mtu wa kuangalia betri, maana kifaa kilichozimika hakipokei salamu ya jirani yeyote.