Mshipa Uzibapo Ndani ya Jicho

Jicho laweza kupoteza nuru bila maumivu yoyote. Mtu hulala mzima, akaamka asubuhi na kukuta jicho moja limeingiwa na ukungu. Kwa kuwa la pili lingali zima, huendelea na shughuli zake akidhani ni uchovu. Askari huenda akaitambua hitilafu hiyo siku ya kulenga shabaha, afumbapo jicho moja.

Mara nyingine chanzo chake ni kuziba kwa mshipa katika retina, yaani utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, ambao hupokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo. Damu huingia humo kwa ateri na kutoka kwa vena. Mahali mishipa hiyo ipishanapo, ateri iliyokakamaa kwa shinikizo kubwa la damu huibana vena iliyo laini, na damu huganda. Ndipo retina huvuja na kuvimba, mithili ya shamba linalofurika kwa sababu ya mfereji ulioziba. Ikizibika vena kuu, madhara huenea retina nzima.

Je, yawezekanaje kuona mwendo wa damu ndani ya jicho la mtu aliye hai? Mwaka 1851 Mjerumani Hermann von Helmholtz alitangaza chombo cha kutazamia ndani ya jicho. Mwaka 1961 Wamarekani wawili, Harold Novotny na David Alvis, walieleza njia ya kupiga picha za damu yenyewe. Rangi iitwayo fluoresini hudungwa katika mshipa wa mkono, nayo baada ya sekunde chache hufika jichoni, huku kamera ikipiga picha mfululizo. Penye kuziba rangi huchelewa, penye kuvuja husambaa, na sehemu zilizokosa damu hubaki nyeusi. Ngozi na mkojo wa mgonjwa huwa vya manjano kwa muda mfupi. Jambo hilo lisiwatie hofu jamaa zake.

Njia mpya zaidi haihitaji rangi wala sindano. Mwanga hafifu hupitishwa mahali pamoja mara kadhaa. Kilichotulia hutoa picha ileile, bali chembe za damu zinazokwenda huibadili, na kompyuta huichora mishipa kutokana na tofauti hizo. Hata hivyo, njia hii haionyeshi uvujaji kama ifanyavyo fluoresini.

Picha hizo humwongoza daktari. Uvimbe hutibiwa kwa dawa inayodungwa ndani ya jicho, mara nyingi kwa kurudiwa. Eneo lililokosa damu likiwa kubwa, jicho huweza kuotesha mishipa mipya iliyo dhaifu, ambayo hupandisha shinikizo la jicho na kuleta upofu wenye maumivu. Mionzi ya leza hutumika kuizuia. Kwa hiyo mgonjwa hapaswi kuacha kliniki katika miezi ya mwanzo, hata akiona nafuu.

Kinga huanzia nyumbani: kupima shinikizo la damu na sukari, kuacha tumbaku, na kufunika jicho moja baada ya jingine huku mtu akitazama kalenda ukutani. Mwenye kuona tofauti ya ghafula asingoje likizo wala mwisho wa zamu. Na aende hospitali siku hiyohiyo.