Mtambo wa Simu ya Upepo Juu ya Milima ya Taita na Mtu Anayeutunza

Usiku tembo waingiapo katika mashamba yaliyo karibu na Voi, askari wa wanyama aliye zamu hawezi kungoja mpaka kukuche ndipo apeleke habari. Hutoa redio yake ndogo mkobani, akabonyeza kitufe, akasema maneno machache, na wenzake walio umbali wa kilomita 60 au 70 humsikia kana kwamba wameketi naye chumba kimoja. Watu wanaomtazama hukisifu kile kidude alichokishika mkononi. Kwa kweli kile kidude peke yake hakiiwezi kazi hiyo, maana nguvu zake ni wati 5 tu, hazitoshi hata kuwasha taa ndogo ya zamani ya chumbani. Anayefanya kazi kubwa haonekani. Ni mtambo uliofungwa juu ya mlima, ndani ya ukungu na baridi, pamoja na mtu apandaye huko mara kwa mara kuutunza. Mtu huyo akizembea, askari atabonyeza kitufe na kusema, wala hapatakuwa na wa kumjibu.

Yafaa ieleweke kwanza jinsi sauti inavyosafiri. Redio nyingi za namna hii hutumia masafa yaliyo karibu na megahezi 150, na urefu wa wimbi moja ni meta 2. Mawimbi haya huenda moja kwa moja kama mwanga wa taa, wala hayapindi sana kuufuata mviringo wa dunia. Wenye kazi hii wana hesabu yao nyepesi. Twaa kimo cha antena kwa meta, tafuta namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa kimo hicho, kisha izidishe kwa 4. Jawabu ni kilomita ambazo wimbi litakwenda kabla ya kufichwa na ardhi. Mtu asimamaye nyikani, redio yake ikiwa kifuani, hapati zaidi ya kilomita 5. Wawili wanaosemezana, wote wakiwa chini, watapata kama kilomita 10, na penye miti mingi au makorongo hawapati hata hizo.

Sasa na tuutazame Mlima Vuria, mrefu kuliko yote ya Taita, ambao kimo chake ni meta 2,208 juu ya bahari. Nyika ya Voi iliyo chini yake ina kimo cha kama meta 600. Tofauti ni meta 1,600, na 40 mara 40 ni 1,600. Basi 40 mara 4 ni kilomita 160. Taveta, Mtito Andei na sehemu kubwa ya Hifadhi ya Tsavo, iliyoanzishwa mwaka 1948, zimo ndani ya duara hilo. Si ajabu kwamba kilele cha Vuria kimesimamishwa milingoti ya utangazaji na ya simu.

Hata hivyo, kila mlima una kivuli chake. Askari aliyejibanza chini ya Mlima Kasigau, upande usioelekea Taita, amefichwa na jabali lote lile. Kadhalika aliye chini ya ukingo wa Yatta, upande wa pili, huenda asisikie kitu mpaka atembee mbali kidogo na ukingo. Fundi mwenye busara hasemi kwamba mtambo wake "wafika kilomita 160" akaenda zake. Hupita katika gari na redio, akijaribu mahali baada ya mahali, na kuandika katika ramani pale sauti inapokatika, ili askari wapajue mapema. Kukijua kivuli wakati wa mchana kwaweza kumwokoa mtu usiku.

Kuitafuta nafasi ya juu ni jambo la tangu mwanzo wa simu ya upepo. Marconi, alipopokea alama kutoka ng'ambo ya Atlantiki mwezi wa Desemba 1901, waya wake wa kunasia mawimbi ulikuwa umeinuliwa hewani kwa tiara, katika upepo mkali wa Newfoundland. Mwaka 1933 polisi wa mji wa Bayonne, Marekani, walianza kusemezana na magari yao kwenda na kurudi, na mwaka 1940 polisi wa jimbo la Connecticut walipata simu ya jimbo zima iliyotengenezwa na Daniel Noble, ambayo vituo vyake viliwekwa juu ya vilima.

Mtambo wa mlimani mafundi huuita ripita, kwa kuwa kazi yake ni kurudia. Ni kama mkalimani barazani, ila mkalimani huyu hangoji mzee amalize kusema. Husikia kwa sikio moja na papo hapo hutangaza kwa sauti kuu. Hapo ndipo penye ugumu. Mtu anayepiga kelele hawezi kusikia mnong'ono. Kwa hiyo ripita husikiliza katika masafa moja na kusema katika masafa mengine, na kati ya antena na mtambo huwekwa mikebe mirefu ya chuma ambayo huchuja, ili kelele ya kusema isiingie katika sikio. Mikebe hiyo hupimwa kwa uangalifu mkubwa. Mtu asiyeijua akizungusha skrubu zake kwa udadisi tu, mtambo utakuwa kiziwi, na siku nzima haitatosha kuurudisha. Masafa nayo hayachukuliwi ovyo. Nchini Kenya hutolewa kwa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano.

Antena yenyewe si kitu cha kutisha. Kwa wimbi la meta 2, kijiti cha sentimeta 50 chatosha kuwa robo ya wimbi. Sharti isimame wima, maana redio za askari hushikwa wima, na antena ikilazwa ubavu sauti hupungua sana. Wengine hudhani kwamba antena kubwa yenye vijiti vinne vilivyopangwa kimoja juu ya kimoja ni bora kila mahali. Sivyo. Antena hiyo huzibana nguvu zote ziende mbali katika upeo wa macho. Juu ya mlima mrefu nguvu hizo zaweza kupita juu ya vichwa vya watu wa bondeni, na likawa jambo la kuchekesha: aliye Taveta asikia vizuri, na aliye chini ya mlima ule ule hasikii.

Lakini ukiwauliza mafundi ni adui gani awasumbuaye kuliko wote, hawatataja antena. Watataja maji. Kebo inayotoka kwenye mtambo kwenda juu ya mlingoti ina waya katikati, na waya mwingine wa kusukwa ulioizunguka. Kebo nyembamba ya milimeta 5, ikiwa na urefu wa meta 30, hupoteza karibu robo tatu za nguvu njiani hata ikiwa mpya. Yenye unene wa milimeta 10 hupoteza karibu nusu. Ile yenye bomba la shaba, unene wake kama nusu inchi, hupoteza chini ya moja ya tano, nayo ndiyo ifaayo mlimani ijapokuwa bei yake humfanya karani wa fedha akune kichwa. Sasa maji yakipenya katika kiungo kimoja tu, hata kwa tundu dogo kama la sindano, huifuata ile shaba ya kusukwa kama mafuta yanavyoufuata utambi. Shaba hugeuka nyeusi. Sauti haikatiki siku ile. Hufifia mwezi baada ya mwezi, mpaka watu wadhani ni redio zao zilizochakaa, wakaanza kuomba mpya.

Dawa yake ni subira ya mikono. Kiungo hufungwa kwa utepe wa mpira unaoshikana wenyewe, ukivutwa vizuri, kisha juu yake utepe mwingine wa kuzuia jua. Mahali kebo inapoingia jumbani huachwa kitanzi kinachoning'inia chini ya tundu, ili mvua idondoke pale isifuate kebo ndani. Kitanzi hicho hakina gharama yoyote, na bado majumba mengi yamejengwa bila ya kukiacha.

Adui wa pili ni radi, na mlingoti juu ya mlima ni kama kuiita kwa jina. Nguzo za shaba hupigwa ardhini, na mkanda mpana wa shaba hushuka kutoka mlingotini kwa njia iliyonyooka, bila kona kali, kwa sababu radi haipendi kona. Ikikuta moja huruka pembeni, pengine ikaingia jumbani. Ganda la kebo nalo huungwa na ardhi juu, chini, na pale linapoingia ukutani. Katika majabali ya mlimani udongo ni haba, hata nguzo haishuki. Hapo hutandazwa nyaya ndefu za shaba kuzunguka jumba, zikafukiwa katika udongo wowote uliopo. Kwa bahati mbaya shaba hiyo huwavutia wezi, na fundi akifika huenda akakuta mtambo u mzima lakini ulinzi wake wote umeuzwa kwa kilo.

Umeme wa kuendesha ripita mahali pasipo nyaya za serikali hutoka kwa jua, ukahifadhiwa katika betri. Hapa hesabu ikikosewa hakuna werevu utakaoiponya. Tuchukue mtambo wa wati 25 wenye volti 12. Ukikaa kimya wanywa nusu ampea. Ukisema wanywa kama ampea 6. Ukisema jumla ya saa 4 kwa siku, hizo ni 24. Saa 20 za kimya ni 10. Jumla ni 34 kwa siku. Milima ya Taita hufunikwa na ukungu siku nyingi mfululizo. Akiba ya siku 5 ni 170. Na kwa kuwa betri za risasi hufa mapema zikishushwa kupita nusu, yatakiwa betri za 340. Anayenunua za 100 kwa sababu ni rahisi atakuwa na simu nzuri wakati wa jua. Mvua ikinyesha juma zima, mtambo utakata saa nane za usiku, yaani wakati ule ule tembo wanapotembea.

Wanaotumia redio nao wana sehemu yao. Akibonyeza kitufe, mtu hana budi kungoja sekunde moja ndipo aanze kusema, maana ripita huchukua kitambo kidogo kuamka. Asiyengoja hukatwa neno la kwanza, na mara nyingi neno hilo ndilo jina la mahali. Anayekaa juu ya kitufe bila kujua, redio ikiwa imebanwa katika kiti cha gari, huziba njia ya wote na kumaliza betri za mlimani. Kwa sababu hiyo ripita nyingi hutiwa saa ya kumkata msemaji asiyenyamaza, dawa ambayo mabaraza mengine yangeitamani.

Fundi apandapo kulikagua jumba, hapeleki mkono kwenye mtambo kwanza. Hutazama nje: kamba za mlingoti zimelegea? Nyuki wameingia katika sanduku? Panya wametafuna kebo? Majani yamefunika vioo vya jua? Kisha huunganisha kipimo na kuangalia ni nguvu kiasi gani zinazokwenda kwenye antena na ni kiasi gani zinazorudi. Katika wati 25, ikirudi moja, ni sawa. Zikirudi tano, maji yamekwisha ingia mahali.

Namba hizo huandikwa katika daftari linalokaa jumbani, pamoja na tarehe na volti za betri. Daftari la senti chache ndilo linalomwambia fundi wa leo kwamba mwaka jana ilirudi nusu wati, miezi sita iliyopita moja, na sasa mbili. Mtambo haujafa, hakuna aliyelalamika, lakini mwenye kusoma daftari atapanda mlingoti siku hiyo hiyo na kufungua kiungo cha juu. Asiyeandika hungoja malalamiko, na malalamiko huja mvua ikiwa imekwisha anza, barabara ya mlimani ikiwa utelezi.

Kabla ya kushuka huita vituo kimoja kimoja, Voi, Taveta, Mtito Andei, na kumwomba kila mmoja aseme jinsi anavyosikia. Majibu huyaandika pia, hata la yule anayesema sauti ni hafifu. Kisha hulitia jumba kufuli, huvuta mlango mara mbili kuhakikisha, na kuanza kuteremka kabla ukungu haujafunga njia.