Reli Haikufa, Ililala

Sogeeni mkekani, wajukuu zangu. Wewe uliyeshika ndala, ziweke mlangoni uje ukae. Haya, nani mwenye hiki kizibo cha soda nilichokiokota uani? Kimekuwa bapa kama sarafu. Simpigi mtu. Nakijua kwa sababu nami nilikuwa navyo tele, nimevifunga kwenye pindo la kanga ya mama. Tulivilaza juu ya reli, tukajibanza vichakani, treni ikishapita tunakimbilia kuviokota. Ukikitoboa matundu mawili ukapitisha uzi, kinazunguka na kulia vuu, vuu. Mchezo mtamu, sikatai. Lakini leo nataka kuwaambia kwa nini sitaki kukiona tena kizibo cha namna hii humu ndani.

Reli yetu ni ya zamani kuliko bibi wa bibi yenu. Wajerumani walianza kuijenga hapa hapa Tanga mwaka 1893. Ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Waingereza wakaisogeza hadi Arusha mwaka 1929. Imebeba mkonge, imebeba kahawa, imebeba askari wa vita vya 1914, imebeba bibi harusi na ndizi. Tena ndiyo iliyougawa mji huu: kule bandari na maofisi, huku Ngamiani na barabara zetu za namba. Ndiyo maana kila siku lazima mtu avuke, aende sokoni, shule au hospitali.

Kisha ikalala. Treni ya abiria ilikoma kuja miaka ya 1990, na ya mizigo nayo ikafifia. Nyasi zikaota kati ya mataruma. Mbuzi wakalishwa pale, watu wakapasua vijia vya mkato, na watoto wakapata uwanja. Wazazi wenu wamekulia hapo. Mama akikuambia pita relini ndiyo karibu, hana nia mbaya. Anasema alivyozoea tangu utotoni. Lakini mwaka 2019 ikaamka. Mabehewa ya mizigo yakaanza tena kwenda Moshi, na Desemba ya mwaka huo huo treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ikapita Korogwe kwenda Moshi, baada ya zaidi ya miaka 20. Mwaka uliofuata ikafika Arusha. Reli imeamka, ila miguu yetu bado inatembea kama vile imelala. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Ninyi ni watoto wa Tanga, baiskeli mnazijua. Ukishuka mteremko ukamwona kuku mbele, unafanya nini? Unafunga breki, au unakata usukani. Sasa sikilizeni: dereva wa treni hana usukani. Hawezi kukukwepa hata kwa unene wa kidole, maana reli ndiyo inayompeleka. Kilichobaki kwake ni honi na breki. Na breki zenyewe, gurudumu ni la chuma na reli ni ya chuma. Chuma juu ya chuma huteleza, hakishiki kama mpira wa baiskeli unavyoshika lami. Nyuma ya kichwa cha treni kuna mabehewa, na behewa moja tu lililojaa saruji ni makumi ya tani, yote yanasukuma kwenda mbele. Chukueni uwanja wa Mkwakwani, muuweke mara kadhaa, mmoja mbele ya mwingine: huo ndio urefu treni nzito inaoweza kuhitaji ili isimame. Dereva anakuona, anakupigia honi, amefunga breki zote, na bado anakuja. Nawaonea huruma madereva hao. Mtu huyo naye ana watoto nyumbani.

Ehe, uliza. Kuweka sikio kwenye reli ili uisikie inakuja? Nasi tulidanganyana hivyo hivyo. Treni ya mwendo wa kilomita 40 kwa saa, ambayo wewe ungeiita ya polepole, inakula mita 11 kila sekunde. Hesabu mpaka tano: imekwisha kula zaidi ya mita 50, nawe kichwa chako kimelala pale pale gurudumu linapopita. Na upepo je? Treni ikitoka upande wa Pongwe, kule bara, upepo wa baharini unausukuma mlio wake urudi ilikotoka. Hutasikia kitu, utashtukia imefika. Tena kuna kiberenge, kile kigari kidogo cha wakaguzi wa njia. Hakina kishindo cha treni, na hakingoji ratiba yoyote unayoijua.

Jambo jingine ambalo hata watu wazima wengi hawalijui. Kati ya reli na reli ni mita moja tu, lakini behewa lina upana zaidi ya mara mbili ya hapo. Yaani linatokeza nje zaidi ya nusu mita kila upande. Ukisimama kando ya reli ukidhani umeipisha, hujaipisha.

Na mabehewa yaliyosimama, msipite chini yake, hata mpira ukiingia, hata mkichelewa madrasa. Kichwa kikivuta, mshtuko unapita behewa hadi behewa, ga-ga-ga, mpaka la mwisho. Aliye chini hapati muda wa kusema lolote. Mpira tutanunua mwingine.

Siku mtakayokwenda Dar es Salaam mtaiona ile treni mpya ya umeme, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Inakwenda kilomita 160 kwa saa, na nyaya za juu yake zina umeme unaoweza kumrukia mtu kabla hajazigusa. Njia yake imewekewa uzio. Yetu haina uzio, kwa hiyo uzio ni ninyi wenyewe.

Kwa hiyo tunavukia kwenye kivuko, basi. Mwenye baiskeli anashuka, anaikokota. Unasimama mbali kidogo, unatazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, unasikiliza, ndipo unavuka moja kwa moja bila kucheza. Ndala ikinasa, iache. Mbuzi akikwama, mwite mtu mzima.

Hiki kizibo nakitia mfukoni mwangu. Jumamosi nitawachukua nyote twende kivukoni, tusimame mbali, chini ya mwembe. Treni ikipita tutahesabu mabehewa kwa sauti, na mtu akibishana nami kuhusu idadi, tutarudi Jumamosi nyingine tuhesabu upya.