Dini Isiwe Ngao ya Taifa wala Fimbo ya Madhehebu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahali zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu Waislamu, ubaguzi ulikatazwa katika Suratul-Hujurat, ambamo tumefundishwa kuwa mataifa na makabila yamewekwa ili watu wajuane, na kwamba mbora ni mcha Mungu. Na tuangalie yaliyotokea mafundisho hayo yaliposahauliwa.

Mwezi wa Novemba 1914 dola ya Uturuki, iliyokuwa imeingia vitani pamoja na Ujerumani, ilitangaza jihadi kwa jina la Khalifa, Sultani Mehmed wa Tano. Wajerumani waliotawala nchi yetu wakaueneza wito huo kwa Waislamu. Huko Unguja, Sayyid Khalifa bin Harub, Sultani wa madhehebu ya Ibadhi, akawanasihi Waislamu wawe upande wa Waingereza. Basi Mwislamu askari wa Mjerumani akamlenga bunduki Mwislamu askari wa Mwingereza, na kila mmoja ameambiwa kuwa dini iko upande wake. Vita vikafika hata Mwanza, iliyotekwa na Waingereza mwaka 1916, na wapagazi makumi ya maelfu wakafa kwa njaa na maradhi. Mwaka huo huo Sharifu Hussein wa Makka akawaasi Waturuki, Waislamu wenzake.

Je, ukhalifa ule ulisalimika? La! Tarehe 3 Machi 1924 Bunge la Uturuki liliufuta, na siku hiyo hiyo likaunda idara ya serikali ya kusimamia mambo ya dini. Jina lililoitiwa watu wafe likaondolewa kwa kura, nao waliokufa hawakurudi.

Enyi wazazi na wanafunzi wa Binza, Maswa na Bariadi! Fitina haianzi kwa mizinga. Huanza kwa kumdharau mwenzio kwa sababu asoma kunuti nawe husomi, au afunga mikono naye yule huiachia. Tofauti hizo wanavyuoni wamezijua tangu zamani, na hawakuacha kusali nyuma ya wenzao kwa ajili yake. Basi atakayekuiteni kumchukia Mwislamu mwenzenu, muulizeni kwanza: faida ni ya nani?

Mwenyezi Mungu atuunganishe nyoyo zetu. Amin.